Asali Niliyoipangusa

Kuna Jumapili moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu hata nikiwa ndani ya taxi, mpaka abiria wananigeukia wakidhani mama huyu akili zimeruka. Kaa nikusimulie. Sogeza hilo beseni, kiti kiko chini yake. Nimekuita kwa sababu jana jioni nilimsikia Gloire wako akilia huko juu, na wewe unampigia kelele asome, asome, halafu nikasikia fimbo. Sikukuita nikuseme. Hata mimi nilikuwa nayo fimbo.

Wakati huo nilikuwa bado mgeni hapa Durban. Nilifika kutoka Uvira na Neema wangu, tukakaa humu humu Albert Park, chumba kimoja tumekigawa kwa pazia na familia nyingine. Kazi niliipata upande wa Umbilo, kwenye shule ya dini ya watoto wa Kiyahudi. Usiifikirie shule kubwa yenye uwanja. Vilikuwa vyumba vitatu nyuma ya nyumba yao ya ibada. Watoto walikuja Jumapili asubuhi, na tena siku moja katikati ya wiki wakishatoka shule zao za kawaida, kujifunza herufi za Kiebrania, sala na Torati. Mimi nilifagia, nilipangusa meza, nilipanga vikombe.

Mwalimu mkuu alikuwa bibi mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Watoto walimwita Mora, ndivyo wanavyomwita mwalimu wa kike kwa lugha yao. Siku ya kwanza nikamsalimu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Akaniangalia, akaniuliza, "Mama, unatoka Congo? Habari ya kwetu kule?" Kiswahili cha Lubumbashi kabisa! Nusura niangushe ndoo. Kumbe alizaliwa kule, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na Kiswahili alikijua kabla ya Kiingereza. Tangu siku hiyo, chai ya saa nne tulikunywa pamoja tukiwasengenya watu wa Lubumbashi ambao mimi hata siwajui.

Lakini watoto wake, eish, walinishangaza. Wale wakubwa, wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, walikuwa wakijiandaa kusoma Torati mbele ya wazazi na jamaa wote. Nao walimbishia! Kwa nini Mungu aliamuru hivi? Mbona hapa maandiko yanasema vile? Mimi nasimama mlangoni na ufagio, nangoja kofi. Kofi haliji. Mora anapiga meza kwa furaha, anasema swali zuri sana, nani ana lingine? Nikajisemea, huyu bibi atawaharibu watoto wa watu.

Kwa sababu mimi kwangu mambo yalikuwa mengine. Neema alikuwa na miaka saba, na kusoma kulikataa. Mwalimu wake aliniita, akaniambia mtoto haongei darasani, akiendelea hivi atarudia mwaka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nimevuka nchi ngapi ili mtoto asome, halafu ananifanyia hivi? Basi kila jioni nilitoa daftari na fimbo kwa pamoja, kama nilivyofundishwa mimi. Ikafika mahali Neema akiona daftari tu anaingia chini ya kitanda. Namvuta mguu, analia, nami naongeza. Niliamini hiyo ndiyo bidii ya mzazi.

Sasa ndiyo ile Jumapili. Ilikuwa siku ya kuwapokea watoto wapya, wadogo wa miaka mitano. Mora alifika mapema, akapanga mezani vibao saba vilivyofunikwa plastiki, kila kibao kina herufi moja kubwa. Kisha akatoka getini kuwapokea wazazi. Mimi nikaingia kupitisha jicho la mwisho. Mungu wangu! Juu ya kila herufi kuna kitu kinanata, na sisimizi wa Durban unawajua, tayari wamepanga mstari kutoka dirishani. Nikakasirika. Nani amekula mkate akapakaza uchafu wake kwenye herufi za Mungu? Nikachukua maji ya moto na sabuni, nikasugua vibao vyote saba mpaka vikang'aa. Nikarudi nyuma nikajisifu. Mama Neema, hapa umefanya kazi!

Wakaingia. Watoto wamevaa nguo mpya, wazazi wameshika simu juu wanapiga picha, na mabibi wengine tayari wanafuta machozi. Mora akaimba kidogo, akaenda kwa msichana wa kwanza mwenye vikia viwili vya nywele, akamwambia kwa Kiingereza alambe herufi yake. Alambe! Nikashtuka pale mlangoni. Mtoto akainama, akalamba, uso ukakunjamana wote.

"Mora," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "hii ni sabuni."

Mora akainua kibao, akakinusa. Akaniangalia mimi, akaangalia kitambaa mkononi mwangu. Mwanangu, pale nilijua kazi imekwisha. Nilianza kuhesabu moyoni nani atanikopesha nauli ya kesho.

"Mama Neema," akaniuliza kwa Kiswahili, "asali yangu iko wapi?"

"Nimeipangusa, Mora," nikasema. "Nilidhani uchafu."

Akacheka! Alicheka mpaka akakaa kwenye kile kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni, akawatafsiria wazazi, nao wakacheka, na yule msichana wa sabuni akacheka kuliko wote kwa sababu sasa alikuwa mtu mashuhuri. Kisha Mora akaniita mbele. Akaniambia ninawe mikono, akanipa chupa ya asali na kijiko. "Wewe ulipangusa, wewe utaweka." Basi mimi, mtu wa Uvira, mwimbaji wa kwaya, nikapita mbele ya watu wote nikidondosha asali juu ya herufi za Kiebrania. Watoto saba wakalamba. Ungeona nyuso zile. Mmoja alilamba kibao chake, akageukia cha jirani.

Walipoondoka nikamsaidia kukusanya vibao. Akanieleza kwamba ni desturi yao ya tangu zamani sana: mtoto siku anayoanza kusoma, herufi ya kwanza aipate na utamu, ili moyo wake ukumbuke hata somo likija kuwa gumu. Nami kwa upumbavu wangu nikacheka nikamwambia, "Kwetu tunatumia fimbo, Mora. Hata mimi wangu namfundisha hivyo."

Yeye hakucheka. Akauliza, "Na anasoma?"

Nikamwambia yote, la kitanda, la mguu, la kurudia mwaka. Alinisikiliza akivua miwani. Kisha akanishika mkono, akaniambia polepole, "Mama, leo batoto bangu balilamba sabuni mara moja tu. Wako anailamba kila siku."

Nililia, mwanangu. Nililia palepale kati ya viti vidogo, na kitambaa changu cha kupangusia kilikuwa kimelowa tayari, kwa hiyo hata cha kufutia machozi sikuwa nacho. Mora akanipa kona ya sketi yake.

Asali iliyobaki akanifungia. Nikateremka hadi kwenye robot, zile taa za barabarani pale karibu, nikapanda taxi na chupa nimeikumbatia. Nyumbani Neema aliponiona nachukua kalamu akaanza kurudi nyuma. Nikachora jina lake kwenye kipande cha katoni, herufi kubwa kubwa, nikakifunika plastiki, nikadondosha asali. Yeye hakuangalia asali. Aliangalia nyuma yangu, akaangalia chini ya mto, akauliza, "Mama, fimbo iko wapi?"

Hilo swali mpaka leo linaniuma. Nikamwambia nimeivunja na kuitupa alipokuwa nje anacheza, naye hakuniamini, ikabidi tushuke ngazi zote tukatazame kwenye pipa la takataka. Alipoiona imevunjika mara mbili alipanda ngazi akikimbia mbele yangu. Akalamba ya kwanza. Akalamba ya pili. Kwenye ya tatu akanyanyua uso wenye asali mpaka puani, akauliza, "Hii inaitwaje?"

Mimi nilipiga vigelegele hadi jirani wa nyuma ya pazia akauliza nani anaolewa.

Sitakudanganya kwamba kesho yake alisoma kitabu. Ilichukua miezi, na siku nyingine bado aliingia chini ya kitanda, nami nikaingia na daftari tukasomea huko huko. Mwaka hakurudia. Leo unamjua, si ndiye yule wa duka la simu pale chini? Mteja anagonga kaunta, yeye amezama kwenye kitabu, bosi wake analalamika kila wiki. Nikisikia malalamiko hayo nafurahi kama mtu aliyepokea zawadi.

Kwa hiyo mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Mtoto anayeogopa daftari siyo mjinga, ameonja kitu kibaya, na mara nyingi mkono uliompa ni wetu sisi tunaompenda. Mwanzo mpe utamu. Akiuliza kwa nini, furahi, piga meza kama Mora. Na ukikosea, kama tulivyokosea mimi na wewe, usione aibu kurudi kuweka asali pale ulipoipangusa, mbele ya watu wote ikibidi.

Mungu akupe subira ya jioni ukiwa umechoka. Ampe Gloire ulimi wa kuuliza na macho ya kupenda maandishi, na siku moja akusomee barua yako kwa sauti, nawe usikie raha mpaka kwenye mifupa. Chupa ya asali hii hapa, si ile ya Mora, ni yangu ya jikoni, chukua, imebaki nusu. Panda sasa hivi kabla hajalala, na ukishuka uniletee ile fimbo.