Safari ya Pweto Kumwombea Kipanga Ruhusa ya Kuwinda

Niliondoka Élisabethville kwa sababu ya neno moja la Kifaransa.

Mimi ni fundi wa viatu, jina langu Ramazani, nyumba yangu iko mtaa wa Kamalondo. Wazee wangu walitoka Kasongo, kule Maniema. Baba alikuwa akimshonea mfanyabiashara mmoja kutoka Maskati matandiko ya punda, na kwa mtu huyo akajifunza kazi nyingine: kumzoeza kipanga mpaka awe anaruka kutoka mkononi, anamkamata kwale, na anakubali kumwachia bwana wake. Baba akanirithisha mimi. Jumapili wenzangu walipokwenda kutazama mpira, mimi nilikuwa nyikani, nje ya mji, na kipanga wangu jike niliyemwita Siti.

Jumapili moja gadi wa wanyama alinikuta huko. Akataka kujua ninawindaje bila permi, ile karatasi ya ruhusa. Basi, kuna Mzungu niliyemshonea buti aliyenifundisha kazi yangu inavyoitwa kwao: chasse au vol, yaani uwindaji wa kuruka. Nikalitamka jina hilo kifua mbele. Sikujua kwamba hiyo vol, mbali na kuruka, ni wizi pia. Gadi alijua maana ya pili tu. Akaandika kwamba nimekiri mwenyewe kuwinda kwa wizi.

Ofisini kalani, mwandishi wa serikali, alinifungulia kitabu cha amri. Nyavu zimekatazwa, mitego imekatazwa, kuchoma nyika kumekatazwa. Bunduki inaruhusiwa kwa mwenye permi. Ndege hakutajwa popote.

"Permi iko na nafasi ya silaha," kalani akasema. "Tuandike silaha gani?"

"Kipanga."

"Kipanga haiko silaha, baba. Tafuta saini ya Bwana wa Wanyama mwenyewe. Eko Pweto, ku ziwa Mweru, anazunguka kule mpaka mwisho wa mwezi. Ukikosa saini yake, ile ndeke batakuja kuikamata, bataipiga bunduki."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu, Mwamini. Akaacha kupepeta unga.

"Unaenda mpaka Pweto juu ya ndeke, sababu yake tu?"

"Hapana juu ya ndeke," nikamjibu. "Juu ya baba. Kazi yake baliiandika wizi."

Akainuka, akaanza kunifungia chakula cha njiani.

Jumatatu alfajiri nilipanda kamyo ya mizigo iliyokuwa ikienda Kasenga kuchukua samaki. Kwenda haikuwa na mzigo ila magunia ya chumvi, nami nikakaa juu yake, Siti mkononi, kichwa chake kimefunikwa kwa kofia ndogo ya ngozi niliyoishona mwenyewe. Kipanga asiyeona hana hofu. Hukaa kimya kama yuko usingizini. Ilikuwa kiangazi kinakaribia mwisho, na miti ya porini ilikuwa imeanza kutoa yale majani yake mapya mekundu, hata ukiitazama kwa mbali ungedhani pori limeiva. Vumbi lilituingia mpaka kwenye meno. Kila dereva aliposimama kutia maji kwenye rejeta, watu walitoka vijijini kumtazama Siti, na kila mara niliulizwa swali lile lile: je, ni dawa? Nikajibu hapana, ni mazoea.

Kasenga tulifika jua limeinama. Mji ule wote unanuka samaki na barafu. Siku ya pili nilipata nafasi katika mashua ya mfanyabiashara wa samaki iliyokuwa ikiteremka mto Luapula kwenda ziwani. Kapita wake, mkuu wa mashua, mtu wa kabila la Wabemba mwenye mabega mapana, alimkagua Siti kwa muda.

"Anakula samaki?"

"Hapana. Nyama tu, tena mbichi."

"Basi huyu ni bwana kuliko mimi," akasema, na mabaharia wakacheka. Lakini alituruhusu. Nami nilikuwa nimenunua njiwa wanne sokoni, nikawaweka katika tundu, chakula cha Siti cha njiani.

Mto ulikuwa mpole. Ziwa Mweru halikuwa hivyo. Tulipoipita Kilwa ya huko ziwani upepo ulitugeukia, mawimbi yakapanda juu ya ubao, na maji yakatunyeshea kama mvua. Kipanga akilowa mabawa ni kama mtu aliyevunjika miguu. Nilivua koti langu, nikamzungushia, nikajikunja juu yake, mgongo wangu ukapokea maji mpaka tulipofika penye utulivu. Nilitetemeka hata sikuweza kushika kikombe. Kapita mwenyewe ndiye aliyeninywesha chai.

"Sasa ninaona," akasema. "Huyu si ndeke. Ni mtoto wako."

Tulifika Pweto siku ya tano, saa nne asubuhi. Jirani yangu wa Kamalondo, mfanyakazi wa reli, alikuwa amenipa barua kwa dada yake, Mama Kisimba, mjane anayeuza samaki wakavu. Nilimkuta uani amezungukwa na vichanja vya samaki, msalaba mdogo shingoni, kuku wakizurura miguuni pake. Alisoma barua ya kaka yake akitabasamu. Kisha akamwona Siti.

"Yezu wangu! Baba, karibu sana. Lakini huyu mugeni wako wa pili, kuku yangu batakaa namna gani?"

Nikamwapia kwamba Siti hataachiwa uani. Tukamfunga kwenye kibanda cha jikoni, juu ya gogo, na mlango ukafungwa.

Siku ile ile nilikwenda kwa Bwana wa Wanyama. Alikuwa Mbelgiji mrefu, mwenye mvi, aliyekijua Kiswahili cha kazi. Alisoma karatasi ya gadi, akafika kwenye lile neno, akacheka peke yake.

"Wewe si mwizi," akasema. "Gadi hakufahamu. Hii nitaifuta." Akakata mstari kwa kalamu. Moyo wangu ukapoa. Lakini hakuwa amemaliza. "Permi ni kitu kingine. Leo nikikupa wewe, kesho kila mtu atafunga ndege mkononi aseme anawinda. Nyama itaisha. Sheria iko kwa kulinda nyama."

"Bwana, na sisi tuko na sheria," nikamwambia.

"Sheria gani?"

"Njoo uone."

Sijui ulimi wangu ulipata wapi ujasiri ule. Akakubali. Kesho yake asubuhi, kwenye nyasi juu ya mji.

Asubuhi ile watu walikuja wengi: askari, kalani wa Pweto, wanawake wa soko, na Mama Kisimba mbele yao. Tulimtimua kwale kwa fimbo, nikamvua Siti kofia, nikamwachia. Akaruka moja kwa moja mpaka juu ya mti, akatua, akaanza kujinyoosha manyoya. Nilipiga mluzi. Nilionyesha nyama. Alinitazama kama hajapata kuniona. Watu wakaanza kucheka, mmoja akaniuliza kama silaha yangu imekwama risasi. Bwana alitazama saa yake.

"Kesho asubuhi, mara moja tu," akasema. "Saa sita ninaondoka."

Nilikaa chini ya mti ule mpaka alasiri. Mama Kisimba alibaki nami, aking'oa nyasi moja moja. Mwishowe akasema:

"Baba, unisamehe. Ni mimi. Asubuhi nilimupa nyama ya mbuzi, kipande kikubwa. Nilitaka ashibe, aache kuku yangu."

Hasira ilinipanda, kisha nikaona macho yake, ikashuka. Kipanga aliyeshiba hana bwana. Hilo baba alinifundisha kabla ya kunifundisha kushika sindano. Kosa lilikuwa langu, maana sikumwambia mwenyeji wangu. Jua lilipoanza kulegea Siti alishuka mwenyewe, akatua kwenye ngumi yangu. Jioni ile sikumlisha.

Kesho yake watu walikuwa wachache. Waliocheka hawakuona haja ya kurudi. Kwale aliruka karibu na miguu ya askari, nikamwachia Siti, na safari hii hakutazama mti. Aliteleza juu ya nyasi, chini kabisa, njuga zake za miguuni zikilia mara moja tu, na wote wawili wakaanguka kwenye kichaka. Nilikimbia. Kwa kazi hii lazima mtu awe na mbio.

Nilimkuta amemkamata kwale mgongoni, bado mzima. Nikasema bismillahi, nikamshika kwale taratibu, nikamgeuza nimchinje. Kisu kilikuwa tayari mkononi. Nikaona tumbo lake halina manyoya, ngozi tupu, yenye joto.

Bwana alikuwa amefika, anahema. "Mbona huchinji?"

"Bwana, huyu yuko na mayai. Tumbo likikaa wazi hivi, anaatamia." Nikampulizia kwale manyoya ya shingo, nikatazama kama ana jeraha kubwa, hakuwa nalo, nikafungua mikono. Akaruka chini chini, akapotea. Siti nikampa nyama ya njiwa kutoka mfukoni, ili asione amedhulumiwa.

Bwana alisimama akitazama pale kwale alipopotelea.

"Risasi haiwezi kurudisha ndege hivi," akasema taratibu, kama anayejisemea mwenyewe.

"Hii njo ile sheria yetu," nikamwambia. "Na iko ingine. Jua likikolea, mbele ya mvua, tunaachilia kipanga mwenyewe. Naye eko na haki ya kutaga mayai yake. Mwaka ingine tunakamata mwingine, mchanga, tunaanza upya."

"Nani alikufundisha haya?"

"Baba yangu. Fundi wa matandiko, Kasongo."

Tulirudi ofisini. Alitoa permi, na pale penye silaha akaandika kwa mkono wake: kipanga mmoja. Chini akaongeza masharti, akanisomea: kwale na kanga tu, jike mwenye mayai aachiwe, kipanga aachiliwe kabla ya mvua. Maneno yangu yale, sasa yana muhuri. Mama Kisimba aliposikia, alipiga vigelegele hata kuku wakakimbia, akanifungia samaki wakavu wa kumpelekea kaka yake na wengine wa nyumbani kwangu.

Safari ya kurudi ilikuwa na upepo mwema. Kapita aliisoma permi, akawasomea mabaharia wake, akanikalisha karibu na usukani kama mgeni wa heshima.

Kamyo ilituacha Élisabethville siku ya Alhamisi, joto limepanda na mawingu ya kwanza yameonekana. Kalani aliigeuza permi huku na huku, akatafuta kosa, hakulipata. "Iko muzuri," akasema, akainuka kunipa mkono.

Jumapili nilikwenda nyikani na Mwamini, ambaye hakuwa amepata kufuatana nami huko hata mara moja. Nilikata kamba za miguu ya Siti, nikamfungua njuga, nikamvua kofia.

"Umesafiri mpaka Pweto juu yake," Mwamini akasema, "na sasa unamuacha?"

"Permi inasema hivyo. Na aliyeiambia permi ni mimi."

Huko Pweto nimejifunza jambo moja: atakaye sheria imheshimu, naye aje na sheria yake mkononi, aishike hata inapomuuma. Niliinua ngumi. Siti alikaa kidogo, akautazama upepo, akaenda. Mwamini ndiye aliyeendelea kunionyesha Siti angani kwa kidole, hata macho yangu mimi yalipokuwa hayaoni tena vizuri.