Mkia wa Pamba

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu kazi, tena kwa bidii. Ilikuwa miaka ya hamsini, kwa mafundi waundao majahazi kando ya kijito kilichotenga mji na Ng'ambo. Fundi Mkuu alinipa ufagio, akasema, "Pawe pazuri." Nilipomaliza kufagia nikaona kipande cha pamba kinaning'inia kwenye ubavu wa jahazi. Nikadhani uchafu, nikakikata.

Nyinyi vijana wa boti za fibaglasi kukalafati hamkujui. Pamba iliyolowa mafuta unaishindilia katika mwanya wa mbao kwa patasi butu na nyundo, tabaka mbili. Juu yake unapaka shahamu, yaani chokaa na mafuta ya mnyama, ubavu wote unakuwa mweupe.

Siku ya nne, jahazi lile nshalipaka shahamu kwa mkono wangu, ikaadhiniwa adhuhuri. Fundi Mkuu alikuwa akikalafati chombo kingine. Akaacha mkia wa pamba unaning'inia, akainuka. Nikamuuliza wa nini.

"Ndipo nilipoishia tabaka ya pili. Nikirudi naanzia hapo."

Lahaula! Kumbe nilipokata, yeye alidhani mwanya umekwisha. Tabaka moja bandarini inazuia maji, lakini bahari ikichafuka pamba hutoka, na watu wamo chomboni. Na jahazi lilikuwa literemshwe kesho yake, siku ya bamvua, maji makubwa. Ukiyakosa unasubiri wiki mbili. Nilikwenda Darajani nikarudi, nikaenda tena. Alasiri nikamwambia.

"Wapi?"

"Sijui, fundi. Ubavu ule mmoja."

Alinitazama mpaka nikatamani anipige. Nahodha mwenye chombo alipofika, fundi akamwambia, "Hakiteremki. Nimekosea mimi."

"Uzee huo, fundi!" nahodha akafoka mbele ya watu.

Nami nimesimama palepale, kimya.

Tulifumua ubavu mzima. Mwanya wenyewe tuliupata, urefu wa mkono wangu. Lakini maneno yalishatoka. Wateja wakahama, wakisema mzee haoni tena, na mwaka uleule akaweka tezo chini, akaacha ufundi.

Mimi nilifanya kazi chini ya mafundi wengine, mwisho nikawa fundi mkuu, na sasa nshastaafu. Kijito kimefukiwa, magari yanapita juu yake. Wanangu wananambia, "Baba, tulia." Ntatuliaje? Juzi barazani mzee mwenzangu kaanza tena kuchekesha watu kwa habari ya fundi aliyezeeka akasahau mwanya. Nikainuka.

"Hakusahau," nikasema. "Mkia niliukata mimi."