Akaunti ya Mapokezi

Sikuwapenda wale watu tangu mwanzo, na sioni sababu ya kujifanya niliwapenda. Nilikuwa fundi wa kompyuta wa zahanati tatu za mwajiri mmoja: moja Musoma mjini, moja Bunda, moja Butiama. Zote zilitegemea kompyuta kuu ya Linux iliyokaa Musoma kwenye kachumba kenye feni moja, na mafaili ya wagonjwa wote yalikuwa humo. Kazi yangu ilikuwa kuitunza. Kazi yao, nilivyoiona mimi, ilikuwa kuiharibu.

Watu wa mapokezi wa zahanati zote tatu waliingia kwa akaunti moja iliyoitwa mapokezi. Neno la siri lilikuwa hilohilo, mapokezi, na namba moja mwishoni. Pale Butiama waliliandika kwa kalamu ya bluu juu ya plasta ya vidonda, wakaibandika chini ya skrini, hata mgonjwa aliyekaa kwenye benchi akisubiri kuitwa angeweza kulisoma. Neno lenyewe nililitunga mimi, wiki yangu ya kwanza kazini, ili wasinisumbue kwa simu. Plasta waliitafuta wenyewe.

Mdogo wangu wa kike ni mwalimu wa shule ya msingi, anaishi nyumbani kwetu Butiama. Tumekua kwa kugombana. Nilimgombeza kwa kufungia mbuzi kamba fupi, kwa kuwaazima watu jembe la mama, kwa kuchagua mchumba wa Nyamuswa asiyejua kusalimia. Naye alinijibu, tena kwa sauti, na jirani walizoea. Nisipomgombeza Jumapili moja, mama aliuliza kama naumwa.

Mwaka huo alikwenda kupimwa kwenye zahanati yetu ya Butiama. Alipimwa nini, na majibu yalisema nini, sitaandika hapa. Wiki mbili baadaye, siku ya mnada Nyamuswa, shangazi wa mchumba wake alimsimamisha katikati ya watu akamsomea majibu yake yote, mpaka siku aliyotolewa damu. Posa ikavunjika kabla ya mwezi kuisha.

Alinipigia simu. Hakulia.

"Kaka, faili langu si linakaaga kwenye mashine yako? Nani amelifungua?"

Nikafungua kumbukumbu za mfumo. Faili lake lilikuwa limefunguliwa mara sita, na mara zote sita aliyelifungua aliitwa mapokezi. Mapokezi walikuwa watu kumi na mmoja. Nilikaa mbele ya ile skrini nikijua kwamba mmoja wao amemmaliza mdogo wangu na sina pa kumshika. Nilimwambia ukweli, halafu nikamwahidi kwamba tangu sasa hakuna mtu atakayegusa faili lake bila jina la mtu huyo kuandikwa. Alisema haya, tutaona.

Niliandika masharti mapya kwa siku nne, na sikatai, niliyaandika kwa kuwakomoa. Akaunti ya mapokezi ikafa. Kila mtu alipewa ya kwake. Neno la siri lisipungue herufi kumi na nne, liwe na herufi kubwa na ndogo, namba na alama, lisiwe na jina la mwenyewe, libadilishwe kila miezi mitatu, na lile la zamani lisirudiwe. Ukikosea mara tatu, akaunti inafungwa nusu saa. Na ukipatia, bado mfumo unakudai namba sita kutoka kwenye programu ya simu yako, zinazobadilika kila nusu dakika.

Nilipoyasoma kikaoni Bunda, mganga mfawidhi alitazama saa yake. Aliyesimama kujibu alikuwa mama wa mapokezi wa Butiama, mwenyeji wa Mugango, mtu mzima aliyefanya kazi pale muda mrefu kuliko sisi wote.

"Wewe baba, mimi nina foleni ya wamama na watoto wanalia. Herufi kumi na nne nitaziandikia wapi? Kwenye mkono?"

"Kwenye kichwa," nikasema. "Kama kina nafasi."

Watu walicheka kidogo, wakaacha walipoona uso wake. Hapo ndipo nilipomwambia mbele ya wote kwamba ana ndugu Nyamuswa, na kwamba najua habari za wagonjwa zinapitia wapi.

Hakuketi. "Sema unachosemaga huko nyuma. Sema mimi nimefanya nini."

Sikuwa na ushahidi wowote, kwa hiyo nikaendelea kusoma masharti.

Vita ilianza wiki hiyohiyo. Akaunti zilifungwa mfululizo, na mimi sikupokea simu mpaka nusu saa ipite. Mmoja alitunga neno lenye tusi la kunitukana mimi ndani, akanitajia herufi moja moja kwenye simu, ati limekataa. Nilipokwenda Butiama kukagua nilikuta jambo lililonichemsha damu. Simu za wafanyakazi zote zilikuwa zimeachwa kwenye kibanda cha kuchajia ng'ambo ya barabara, kwa sababu soketi za zahanati zilikuwa mbovu, na mwenye kibanda alikuwa anatoka mlangoni na kuwapazia sauti zile namba sita, kila mtu na zake. Alikuwa mwepesi na hakosei. Nikampigia kelele yeye, nikawapigia kelele wote, nikanunua nyaya za soketi siku hiyohiyo na kuzifunga mwenyewe bila kumsalimia mtu.

Zilibaki kumbukumbu. Niliupanga mfumo uandike kila anayefungua faili la mgonjwa kwa jina aliloingia nalo asubuhi, hata kama baadaye angejivika mamlaka ya mkuu wa mashine, anayeruhusiwa kila kitu. Mkuu wa mashine nilikuwa mimi peke yangu. Nikaongeza sharti moja nililojivunia: mgonjwa akitaka orodha ya waliofungua faili lake, ataomba mapokezi na atachapiwa papo hapo, bila kupitia kwangu.

Nilipomaliza ilibidi nijaribu kama inafanya kazi. Ningeweza kutunga mgonjwa wa uongo, ni kazi ya dakika tano. Nilifungua faili la mdogo wangu. Nilijiambia kwamba hilo ndilo ninalolilinda, basi nijaribu hilo. Kisha nikalisoma, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, saa nne asubuhi, mlango wa kachumba ukiwa wazi. Kila alichosema yule shangazi kilikuwa kweli, na kulikuwa na mengine ambayo hata shangazi hakuyapata. Nilifunga faili nikarudi kuwawinda watu wa mapokezi.

Miezi miwili ikapita. Jumapili nilikwenda nyumbani kama kawaida, ila sasa nilipitia Mugango kwanza kumnunulia mdogo wangu sato. Mbuzi walikata kamba wakamaliza mihogo ya mama, nikasema wanyama ndivyo walivyo. Jembe likaazimwa, halikurudi, nikanyamaza. Yeye alinitazama mara moja moja wakati nakula mezani kwake.

Siku aliyokuja kuomba orodha nilikuwa palepale Butiama, nimepiga magoti chini ya meza nabadilisha waya. Nilisikia sauti yake, halafu nikasikia yule mama wa mapokezi akibonyeza neno lake la siri, herufi zote kumi na nne, haraka bila kukosea. Alitazama simu yake, akaingiza namba sita. Mashine ya kuchapa ikavuta karatasi. Kompyuta yangu ya kazini, ambayo kwayo ningeweza kufuta jina langu, ilikuwa kwenye mkoba pembeni, lakini karatasi ilikuwa imeshatoka.

Yule mama aliisoma kwanza. Angeweza kusema lolote, na mimi ningestahili. Aliikunja mara moja akampa mwenyewe, akaita mgonjwa anayefuata.

Mdogo wangu aliisogeza karibu na dirisha. Juu kulikuwa na mapokezi mara sita. Chini, baada ya masharti yangu, kulikuwa na jina moja tu. Nilitoka chini ya meza nikiwa na bisibisi mkononi.

"Nilikuwa najaribu mfumo," nikasema.

"Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Yote?"

"Yote."

Aliikunja karatasi, akaikunja tena. "Nilikuwa najiuliza mbona siku hizi hunigombezagi. Nikasema labda kaka amekua. Kumbe unanihurumia." Sauti yake haikupanda. "Yule shangazi aliniambia usoni. Wewe umekuja na samaki miezi miwili."

Nilitaka kumwambia kuhusu soketi, na kikao cha Bunda, na siku zile nne.

"Mbuzi wamekata kamba tena leo," akasema. "Wako kwenye shamba la jirani. Haya, nigombeze."

Alisubiri. Nikasema wanyama ndivyo walivyo. Akaiweka karatasi kwenye mkoba wa daftari za shule akatoka.