Kitufe Chekundu

Ilinukia plastiki mpya na sponji. Hadi leo nikifungua boksi la kifaa chochote cha dukani, harufu hiyo hunirudisha kwenye ua wetu wa Garissa, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka kumi na roho mbaya isiyolingana na umri huo. Ua wetu ulikuwa na harufu zake za siku zote: ubani ambao mama alifukizia nguo jioni, maziwa ya ngamia yenye ladha ya moshi, vumbi lililoloweshwa na maji ya mtoni yaliyomwagika kutoka kwenye mkokoteni wa punda. Harufu hizo zilikuwa zetu sote. Ile ya plastiki na sponji ilikuwa ya mtu mmoja tu, Idil, binti wa shangazi yangu. Aliteremka kwenye lori kutoka Liboi siku chache baada ya Idi, akiwa na sanduku la bati, mkeka, na redio ndogo ya kaseti iliyoning'inia kiunoni mwake kana kwamba alizaliwa nayo. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa pale mpakani, naye alimleta akae kwetu ili apate shule. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji ndio kwanza nikaanza kuugua.

Ili mjue ugonjwa wangu, sharti niwaeleze cheo nilichokuwa nacho kabla hajaja. Aabo, yaani baba yangu, alikuwa dereva wa malori huko Saudia, na nyumbani hatukuandikiana barua. Nyanya yetu, tuliyemwita ayeeyo, hakujua kusoma, na hata waliojua waliona karatasi haina pumzi ya mtu. Tulipelekeana kaseti. Aabo alijirekodi, akampa msafiri anayerudi nyumbani, nasi tukaketi mkekani kumsikiliza akitusalimu mmoja mmoja kwa jina. Kisha tukarekodi majibu juu ya kaseti ileile na kumpa msafiri mwingine. Mwenye kurekodi nilikuwa mimi. Kabla aabo hajaondoka, alikishika kidole gumba changu na kunifundisha kwenye redio yake kubwa ya rangi ya fedha: kitufe chekundu na jirani yake, vyote viwili kwa pamoja, la sivyo hainasi kitu. Ijumaa ya kurekodi, mbuzi walifungiwa mbali, wenye kikohozi walionywa, na watu wazima wote wakanitazama mimi wakingoja niseme, "Haya." Nani asiyependa kungojwa?

Basi mwaka huo redio kubwa ikaanza kutafuna kanda. Tuliipeleka kwa fundi mmoja sokoni, mtu wa kuja kutoka Kitui, na kila wiki ayeeyo alinichukua tukaenda kumsumbua kwa Kiswahili chake. "Wewe fundi, redio yangu iko wabi? Leo ni wiki ngabi?" Naye fundi alijibu bila kuinua kichwa, "Spea haijafika, mama. Ngoja gari ya Nairobi." Magari ya Nairobi yalikuja na kuondoka. Kibanda chake kikajaa redio za watu zilizofunuliwa matumbo, na ya kwetu ikiwa chini kabisa.

Wakati huohuo Idil alikuwa anatembea. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo nilivyojiambia nikimwona akipita huku na huku katika mtaa wetu, spika za masikioni juu ya mtandio, zile sponji za rangi ya chungwa zikionekana kutoka mbali, mabega yakifuata wimbo ambao sisi wengine hatukuusikia. Hilo ndilo lililoniua. Redio yetu ikiimba, ilimwimbia jirani, mbuzi na mpita njia. Yake ilimwimbia yeye peke yake. Watoto walipanga foleni chini ya mwarobaini, naye akawavisha mmoja mmoja, akahesabu hadi thelathini, akawavua. Nilimwona mpaka binti wa imamu akingoja zamu. Mimi nilikaa kizingitini nikichambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa. Siku moja alinijia mwenyewe, akanivulia ile redio na kunipa kwa mikono miwili. "Shukri, chukua. Wewe sikuhesabii." Nikamwambia masikio yananiuma. Sikuwa na hata sikio moja lililouma.

Lakini alipokwenda kuoga alasiri moja, nilijifungia chumbani na kuijaribu. Mwimbaji hakuwa mbele yangu wala nyuma yangu, alikuwa amesimama katikati ya kichwa changu, na ngoma zake zilinipiga kwenye meno. Nilitaka kuwa na kitu kile kuliko nilivyotaka kwenda peponi. Kisha nikaigeuza nikaikagua upande wa vitufe. Vilikuwa vitatu: cha kucheza, cha kupeleka mbele, cha kusimamisha. Nikatafuta chekundu, nikapapasa kila ukingo kwa kucha. Hakikuwepo. Redio ya Idil ilijua kusema tu, haikujua kusikia. Niliirudisha mahali pake nikiwa na furaha ya mtu aliyemwona chawa kwenye kichwa cha bibi harusi, na sikumwambia mtu.

Kaseti ya aabo ilifika mwezi huo, na chombo cha kuisikilizia kilikuwa kimoja tu. Ayeeyo ndiye aliyevishwa kwanza, sponji juu ya ushungi wake mweusi. Kwa kuwa hakujisikia mwenyewe, alimjibu mwanawe kwa sauti ya kuitia ngamia: "Waalaikumsalam! Mimi sijambo! Goti tu!" Hata mama, aliyekuwa na machozi karibu, alicheka. Halafu ayeeyo akanyamaza, akasikiliza mpaka mwisho, akatueleza. Mkataba wa aabo ulikuwa unakwisha. Tajiri wake alitaka atie saini miaka mitatu mingine. Yeye amechoka, anataka kurudi nyumbani, lakini hatarudi bila ruhusa ya mama yake. Neno ni lake. Akisema baki, atabaki.

Mama akafuata, kisha wakubwa wengine, na mimi nikawa wa mwisho. Wakati huo betri zilikuwa zimekwisha nguvu kwa nyimbo za Idil za wiki nzima. Sauti ya baba yangu ilinifikia nzito na ya kuburuta, kama ya mgonjwa anayeongea usingizini. Nilielewa maneno machache tu. "Shukri... bado... unabonyeza... vyote viwili?" Kisha ikazama. Idil alikuwa amesimama karibu, akaniambia pole, kesho tutanunua betri mpya. Nilimchukia wakati ule kwa moyo wangu wote. Alikuwa na baba yake Liboi, mwendo wa siku moja kwa lori, na sasa ameila hata sauti ya baba yangu.

Msafiri alikuwa anaondoka Jumamosi. Ijumaa baada ya sala ya alasiri tuliketi mkekani, na redio ndogo ikawekwa katikati juu ya mto, betri mpya na kaseti ya aabo ndani. "Hii inarekodi?" mama akauliza. "Walaahi inarekodi," Idil akasema. "Ni ya kisasa, ina kila kitu." Hakuwa anadanganya. Hakuwahi kurekodi maishani mwake. Alichomoa spika za masikioni ili zisitusumbue, akabonyeza, na sote tukaona kwenye kidirisha kile magurudumu mawili ya kaseti yakizunguka. Ayeeyo hakutosheka. Akanigeukia mimi. "Shukri, wewe ndiye unayeyajua mambo haya. Iko sawa?"

Nimeishi na swali hilo kuliko maswali yote niliyoulizwa shuleni. Wote walikuwa wananitazama, kama zamani. Ningesema neno moja tu, tungekwenda kuazima redio kwa jirani. Lakini niliona mbali kwa jicho la wivu, ambalo huona jambo moja tu: aabo anaweka kaseti, hasikii majibu, anacheka, anatuma mtu aulize ni nani huyo aliyerekodi, na Idil anaaibika mbele ya mtaa mzima. Nikasema, "Muulizeni mwenye mashine."

Ayeeyo akasogea. Alikuwa mtu wa mashairi, na siku hiyo alimtungia mwanawe beti ndefu kuhusu ngamia jike anayelia kwa ndama wake aliyepotelea nchi ya watu, na mama yangu akaziba uso kwa mtandio. Alipomaliza beti alivuta pumzi, akainama karibu kabisa na ile redio, akasema neno moja la Kisomali lenye maana ya njoo. "Kaalay." Nilikuwa nimefumbua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufumbua. Kisha Idil akaunyoosha mto kidogo kwa ukubwa wa mwenye mali, na nikaufumba. Zamu yangu ilipofika nikainama nami, nikaiambia redio niliyojua fika kwamba ni kiziwi: "Ndiyo, aabo. Bado nabonyeza vyote viwili."

Baada ya miezi miwili hivi ikaja habari kwa mdomo wa mtu: aabo ametia saini. Miaka mitatu. Ayeeyo aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri, akaingia chumbani mwake, na sikumsikia tena akitunga shairi juu yake. Kaseti pia zikakoma. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami mshindo huo niliusikia kila Ijumaa alasiri. Redio kubwa ilirudi kutoka kwa fundi ikiwa nzima, ikafunikwa kitambaa. Nilikuwa mtoto, lakini si mjinga. Nilianza kuelewa nilichofanya, na kadiri nilivyoelewa ndivyo nilivyozidi kuogopa kusema.

Aabo alirudi mkataba ulipokwisha, na mvi ndevuni. Alimsalimu mama yake, akaketi chini mbele yake, akatoa mfukoni ile kaseti. "Hooyo, mama yangu," akasema, "nilikuomba neno, ukanirudishia maneno yangu mwenyewe. Nilijua maana yake. Umekataa hata kuyapokea. Nikabaki." Tuliiweka kwenye redio kubwa. Ikatoka sauti yake, changa kidogo, ikiomba kurudi nyumbani, mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyeigusa. Ayeeyo akasema polepole, "Mimi nilikwambia njoo." Kisha macho yote yakamwendea Idil, aliyekuwa na miaka kumi na mitano sasa. Akaangua kilio. Ayeeyo ndiye aliyemwokoa, akacheka, akasema mashine imetuchezea, na tangu siku hiyo jambo likawa kichekesho cha ukoo. Kila harusi lazima mtu aseme, "Video asishike Idil!"

Mimi sikusema kitu. Jioni hiyo aabo alinipa zawadi yangu iliyofungwa kwa karatasi. Ilikuwa redio ndogo, nzuri kuliko ile ya Idil, yenye harufu ileile ya plastiki na sponji. "Hii ina kitufe chekundu," aliniambia kwa fahari. "Niliichagua kwa ajili hiyo." Nilikuwa nimepata nilichokitamani, na sikuweza kukitazama.

Siku hizi kurekodi hakuhitaji cheo. Mjukuu wa aabo wa miaka minne anabonyeza simu kwa kidole kimoja, na sauti yake inafika Nairobi kabla hajameza mate. Ukikosea unafuta. Ayeeyo alikwisha kutangulia mbele ya haki. Idil anaishi nchi ya baridi na ana maisha mazuri, na mimi, majuto ni mjukuu lakini wivu ni ndugu wa tumbo moja, bado nilikuwa namsema. Akija Garissa hafikii kwa aabo. Anafikia hotelini, anakuja kutusalimu saa moja, anaondoka. Nimekaa na wanawake wenzangu mara nyingi nikimchambua kama ule mchele: ameona dunia, ua wetu sasa unanuka kwake.

Mwaka jana nilimwambia aabo ukweli. Masikio yake yamepungua nguvu, ikanibidi kuungama kwa sauti ya juu, mara mbili. Kisha akauliza, "Ulikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia kumi. "Mimi nilikuwa mtu mzima," akasema. "Simu zilikuwepo posta. Ningepiga nikauliza. Nilinuna." Nilidhani yamekwisha, lakini alipokuwa anavaa viatu kwenda msikitini akaongeza, "Mimi nimekusamehe. Sasa kamtafute yule uliyemtwika."

Ilinichukua miezi. Nilishika simu, nikaongea, nikafuta, nikaongea tena. Mwishowe nikamtumia Idil yote, kuanzia masikio yasiyouma hadi "Muulizeni mwenye mashine." Alikaa siku mbili. Jibu lake lilipofika nililisikiliza jikoni, mlango umefungwa. Mwanzo palikuwa na pumzi tu na maji ya bomba yakitiririka mahali fulani kwake. Kisha akasema: "Shukri, abti, mjomba wangu, alikosa miaka mitatu ya nyumbani kwa sababu yangu. Hivyo ndivyo nilivyojua maisha yangu yote. Ningelalaje chini ya paa lake? Hukuwahi kujiuliza kwa nini nalala hotelini?"

Sikuwahi. Maneno yote niliyoyajaribu yalikuwa ya kujitetea. Basi nikabonyeza, nikaileta simu karibu kabisa na mdomo kama alivyofanya ayeeyo, nikasema, "Kaalay." Halafu nikaisikiliza kwanza mimi mwenyewe, nihakikishe kwamba imenasa.