Nyumba Aliyomjengea Mdogo Wake

Pindo alikuja studio kwetu akiwa mwanamke mtu mzima, fundi cherehani mwenye watoto shuleni, na hakujua hata kuwasha kompyuta. Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa sababu nguo yake ungeweza kuigeuza ndani nje na usione uzi uliolegea. Alisimama mlangoni akaliangalia lile pazia letu la kijani, tunalowapigia video mabwana harusi wanaotaka kuonekana wako ufukweni.

"Kaka," akaniuliza, "na mtu aliyerekodiwa zamani bila pazia hili, mnaweza kumhamisha?"

Nikamwambia inawezekana, ila ni kazi ya kuchosha roho.

"Basi nifundishe."

Nikacheka. Mimi na wanafunzi hatupatani. Nikieleza jambo mara ya pili sauti inapanda yenyewe. Nikamuuliza anataka kumhamisha nani. Akakaa kwenye stuli akanieleza, na kicheko kikanikauka.

Mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, alikwenda nchi ya mbali kufanya kazi ya ujenzi. Mama yao masikio yalikuwa yamekufa, kumpigia simu ni kazi bure, kwa hiyo kijana alikuwa akimtumia video. Anapunga mkono, anaonyesha sahani yake, anacheka, na maneno makubwa yanapita chini: MAMA SIJAMBO. Mama alikuwa akiishi kwa hizo video. Kisha kijana akaanguka kutoka juu ya jengo, akafa, akazikwa hukohuko. Mama ana ugonjwa wa moyo, na daktari alishaonya kwamba asishtuliwe. Mjomba akaitisha kikao, akaamuru mama asiambiwe. Mjomba huyo namjua: kazi yake ni kuamuru na kwenda zake, utekelezaji ni wa wengine.

"Ameanza kuuliza," Pindo alisema. "Kila nikiingia ananinyooshea simu. Nisipompelekea kitu atajua, na akijua atanifia mikononi."

Nilimwambia wazi kwamba jambo lenyewe silipendi. Hakubishana. Kesho yake asubuhi nilimkuta amekaa ngazini, ananisubiri nifungue mlango.

Nilianza na matabaka. Nikamweleza kwamba picha unayoiona kwenye kioo si moja, ni kadhaa zimelaliana, na ya juu huifunika ya chini. Hilo alilielewa upesi, maana koti nalo lina kitambaa cha juu na bitana. Mwendo ndio uliomtoa jasho. Unaweka alama pale neno linapoanzia, unaweka nyingine pale litakapofikia, na hapo katikati mashine inalisogeza yenyewe. Maneno yake ya kwanza yalipepesuka kama yametoka kilabuni. MAMA likaenda zake kushoto, SIJAMBO likapaa juu na halikurudi. Tulicheka hadi mpiga picha wetu akaja kuchungulia kulikoni. Halafu Pindo akageukia ukutani, akalia kwa kwikwi, nasi tukajifanya tunatafuta waya.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kumkata. Video fupi kabisa imejaa picha tele zinazofuatana, na katika kila moja lazima upitishe mstari pembeni mwa mtu: sikio, bega, vidole vinavyopunga. Mimi nimewakata mabibi harusi kwa miaka, na sikumbuki uso wa hata mmoja. Pindo alikaa na uso wa mdogo wake uliokuzwa ukajaa kioo kizima, akipita na mstari kidevuni polepole, akisimama, akirudi.

"Ona, hapa alijikata na wembe," aliniambia. "Hajawahi kujua kunyoa, mjinga huyu."

Video ya kwanza alimweka barabarani kwenye mvua. Mama aliitazama, akamwita Pindo karibu. "Mbona mwanangu ananyeshewa halowi?" Pindo akamjibu kwa ishara kwamba mvua ya huko ni nyepesi. Alirudi studio, na tangu siku hiyo alinishikilia nimfundishe mwanga na vivuli: mwanga unatoka upande gani, kivuli kinalala wapi, rangi ya ngozi inabadilikaje mtu akiingia ndani. Alikuwa mwanafunzi wa kung'ang'ania. Baada ya muda hata mimi, ninayejua hila zote za kazi hii, nilikuwa nikitafuta mshono nisiuone.

Sasa, kwenye video za kweli, kijana alijirekodi katika bweni la wafanyakazi. Nyuma yake ni vitanda vya chuma vya juu na chini, na nguo zimeanikwa kwenye kamba. Mama alishaliona bweni lile mara nyingi. Alihitaji kuona kitu kipya. Pindo angeweza kumpa chumba chochote cha kawaida, chenye ukuta na kiti, yakaisha. Lakini huyu alikuwa dada yake. Akampa pazia zito, dirisha linaloangalia bustani, na sofa kubwa la ngozi.

"Punguza," nilimwambia. "Hilo sofa ni la waziri."

"Kaka, amelala kwenye chuma mpaka amekufa. Muache akae vizuri kidogo."

Nikamwacha. Akamwongezea jiko lenye friji, akamwongezea gari nje ya dirisha. Mama alifurahi, akawa anaita majirani waone mwanawe alivyopata. Pindo alinisimulia hayo kwa fahari, na nilimwonea huruma kwa sababu ya ile fahari.

Kisha mama akaanza kusema, "Mwambie aje." Wakamjibu kwa yale maneno yanayopita chini: MAMA NITAKUJA, KAZI NYINGI. Akasubiri. Akaugua, akawa mtu wa kitandani, na video zikazidi kuja na sofa lake.

"Ana nyumba ile, ana gari lile," alimwambia Pindo siku moja akimfuta mgongo. "Mimi nimelala hapa nanuka dawa, yeye ananipungia mkono. Nimemzaa wa kunipungia mkono?"

Siku iliyofuata Pindo alimpelekea nyingine, ambayo kijana anabusu kiganja na kukielekeza kwake. Mama aliigeuza simu kifudifudi. Akamwita mjomba, akamwambia mbele ya watu, "Huyo akija kunizika, asishike mchanga. Radhi yangu simpi."

Pindo alikuja studio uso umekuwa wa majivu. "Amemnyima radhi maiti, kaka," alisema. "Mtoto hakumkosea chochote. Mimi ndiye niliyemkosanisha na mama yake."

Daktari naye alikuwa amesema hakuna dawa tena, wamtunze tu. Kwa hiyo hapakuwa na moyo wa kulindwa. Kilichobaki ni ile radhi, na mama alikuwa anaondoka nayo. Hata hapo mjomba akashikilia kwamba asiambiwe. Pindo akamwambia amri zake ampelekee mkewe. Akaniomba nibebe kompyuta, kwa sababu mafaili yale hayafunguki kwenye simu.

Kitanda kilikuwa kimesogezwa dirishani. Kwenye stuli kulikuwa na chupa za dawa na beseni limefunikwa kitambaa. Pindo alipiga magoti, akaweka mdomo kwenye sikio la mama yake, na kwa kuwa mama hasikii, ilibidi apige kelele. Nyumba nzima ilisikia, na ya jirani.

"Mama! Amekufa! Alikufa zamani, tulikuficha!"

"Nani?"

Akamtaja. Mama akatikisa kichwa. "Nimemwona juzi, anakunywa chai."

"Nilitengeneza mimi! Tazama!"

Nikashikilia kioo mbele ya mama. Pindo akaanza kuondoa matabaka. Akaondoa gari. Akaondoa bustani, dirisha, pazia, sofa. Akabaki mdogo wake peke yake kwenye weusi, anapunga mkono. Kisha akarudisha la chini kabisa, na vile vitanda vya chuma vikatokea nyuma yake pamoja na nguo kwenye kamba.

Mama alitazama muda mrefu. Mdomo ukamtetemeka, nami nikasema moyoni, ameelewa.

"Kumbe hata hilo mnaweza," alisema. "Mnamvua nyumba yake mbele ya macho yangu, mnamlaza kwenye vyuma, ili nimwonee huruma."

"Mama, naapa!"

"Wewe binti, usimzulie kifo mwenzio kwa kumfichia aibu. Yule mzima. Nimemwona."

Pindo alipiga kelele tena, na tena, "Amekufa, mama! Amekufa!" mpaka sauti ikamkauka na majirani wakajaa mlangoni. Mama alikuwa ameshafumba macho.

"Mwambieni nimekataa," akasema.

Alifariki ndani ya wiki hiyo, na neno lake hakulibadili. Pindo amerudi kwenye cherehani, studio hakanyagi. Mtaani kwao hadi leo wapo wanaoamini kwamba kijana yule yu hai, mali imempofusha, na kwamba dada yake alimzulia kifo ili kuinusuru familia na aibu. Wakienda kushonewa wanamuuliza kama mdogo wake amerudi kuliona kaburi la mama. Mwanzoni alikuwa akibishana nao. Siku hizi anawapima viuno, anawajibu kwamba bado.