Mate ya Guka

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, mibuni imetoa maua meupe mpaka ungedhani mvua ya mawe imelala juu yake. Wiki iliyofuata nilikuwa naolewa. Mchumba wangu, Ndung'u, alikuwa karani wa shamba la mzungu huko Ruiru. Sisi tulikaa upande wa Thika. Alitembea na kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Nilimpenda hivyo hivyo.

Siku hiyo alikuja na kitabu kikubwa alichoazimwa na bwana wake. Mwandishi ni mzungu msomi aliyepita nchi yetu kabla ya reli, akipima milima, majani, mpaka vichwa vya watu. Ndung'u akatutafsiria pale anaposema watu wa huku ni kama wanyama, shukrani hawajui, na kwamba siku anaondoka mzee mmoja alimtemea mate kifuani.

Wewe wa siku hizi labda hujui. Kwetu mzee akikubariki hukutemea mate kidogo, kifuani au viganjani, mepesi kama umande. Akikuchukia hakupi hata hayo. Mimi nilikomea darasa la pili, lakini hilo nililijua.

Ndung'u akafunga kitabu, akasema polepole kwamba kwenye harusi yetu hataki mate. Bwana wake atakuja, na makarani wenzake. Aliona haya, maskini, na haya ya kuazima huwasha kuliko upupu.

Nikamwambia, "Bila baraka ya Guka, mimi sitoki hapa."

Guka, baba wa baba yangu, alikuwa ameketi juani, anasikia yote. Nilidhani atawaka. Miaka ile wazee walikuwa wamehamishwa na serikali ya mkoloni, wamepekuliwa, hasira walikuwa nayo ya kugawa. Yeye akauliza tu huyo mtu alikuwaje. Akaonyeshwa picha, akacheka. Alimjua tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto. Mzungu yule alikuja miguu imevimba, akalala kwa baba yake Guka, akanyweshwa uji mpaka akaweza kusimama. Asubuhi ya safari huyo baba yake Guka ndiye aliyemtemea.

"Alifika kwao?" Guka akauliza.

"Alifika, Guka. Asingefika, angeandika vipi?"

"Basi mate yalifanya kazi."

Ndung'u aliitazama ile picha mpaka chai ikapoa, na chai ya mama haikuwa ya kupoozwa. Kisha akaweka kitabu chini, akafungua vifungo vya shati, akapiga magoti mbele ya Guka. Siku ya harusi akapiga magoti tena, watu wote wanaona. Bwana wake akamuuliza yule mzee anafanya nini.

"Ananiombea nifike," Ndung'u akamjibu.

Mwanangu, soma. Vitabu vya namna ile bado viko, na milima waliyoipima iko palepale. Lakini mgeni macho anayo, kuona ndiyo kazi. Ukikuta ameandika kwamba watu wako ni wanyama, usianze kujikwangua ngozi ili umpendeze. Mtafute aliyempikia uji, umuulize ilikuwaje. Halafu uandike na wewe. Siku hizi kalamu zote zinaandika.

Haya, lete viganja. Ufike unakokwenda, na ukishafika uwataje kwa wema waliokupa njia. Thaai, amani ikufunike.