Fundi Asiyepanda Juu ya Nyumba

Mzee Tharsisi alipompeleka binti yake Divine chuo cha ufundi Kasulu, hakusema kwamba mtoto anakwenda kusomea ujenzi. Ujenzi ni wa watu wa kawaida. Alisimama nje ya kanisa baada ya ibada, kofia mkononi, akatutangazia: "Binti yangu anasomea Teknolojia na Usimamizi wa Ujenzi wa Nyumba za Makazi." Alipofika kwenye Makazi, nusu ya waumini walikuwa wameshafika barabarani. Sisi tuliobaki tulimshukuru Mungu, maana kijiji chetu hapa Kibondo kina nyumba za makazi nyingi na hata moja haijawahi kusimamiwa.

Divine ni mtoto wa jirani yangu, nimemwona tangu anatambaa. Ni mpole, ila akiona kitu kimepinda hakai. Akiwa bado shule ya msingi aliniambia, "Shangazi, jiko lako linaegemea mgomba." Nikamwambia liache liegemee, limechoka. Kumbe mwenzangu alikuwa anaanza masomo.

Likizo ya kwanza alirudi na buti nzito na suruali ya kazi, akapita dukani kwa Abdalah kununua sabuni. Wanaume waliokuwa kwenye benchi wakamkaribisha kwa heshima zote, ili wapate cha kucheka.

"Huko Kasulu mnafundishwa nini, mwanangu?" akauliza Hatungimana, kaka mkubwa wa Tharsisi.

"Tumeanza na kuta, baba mkubwa. Tunajenga ukuta, mwalimu anakuja na timazi, ile kamba yenye kichuma, anapima kama umenyooka."

"Halafu?"

"Tunabomoa."

"Mnabomoa!"

"Tunakwangua matofali, kesho yake tunajenga tena."

Hatungimana akawageukia wenzake taratibu, kama mtu aliyepewa zawadi. "Mmesikia? Mimi nyumba yangu ya kwanza ilibomoka yenyewe, wala sikulipa ada."

Walicheka mpaka Abdalah akatoka ndani kuangalia kuna nini. Na ni kweli alichosema, nyumba yake ya kwanza ilianguka. Hii aliyojenga baada ya hapo haijaanguka. Inavuja tu, lakini inavuja kiume, bila kupimwa na mtu.

Mwaka wa mwisho ukafika. Chuo chao kina utaratibu wake: kila mwanafunzi anasimamia nyumba ya kweli kuanzia msingi mpaka paa, na katika kila hatua lazima afanye sehemu ya kazi kwa mikono yake. Mwalimu anakuja kukagua. Ukikosa alama ya hatua moja, cheti hupati. Divine alitueleza wazi: "Nikikosa, narudi kupalilia maharage, basi." Mzee Tharsisi, ambaye nyumba yake ilikuwa imemalizwa na mvua za mwaka jana, akajitolea ajengewe yeye. Akina baba wenye moyo wa namna hiyo ni wachache.

Msingi ulikwenda vizuri. Kuta zilikwenda vizuri. Ndugu wote walikuja kusaidia, na mama yake Divine, Rosa, aliwapikia kila siku. Divine alizunguka na pima maji yake, akaona kona moja imekwenda upande, akawaomba wairudie. Wakairudia wakinung'unika. Kona ilipokaa sawa, kila mgeni aliyepita alioneshwa, na kila mwanaume alisema ameijenga yeye.

Ikafika siku ya paa. Divine alifunga nyundo kiunoni, akaweka mguu kwenye ngazi.

"Kirazira!" Hatungimana alipiga kelele, kuku wakatawanyika.

Maana yake ni mwiko. Kwa wazee wetu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Akipanda, mwenye nyumba atapatwa na balaa. Wazee hao walivuka mpaka kutoka Burundi wakikimbia. Walisahau sufuria, walisahau mikeka, hata jogoo wa babu yake Tharsisi alibaki huko. Mwiko hata mmoja haukubaki.

Divine akamtazama baba yake. Tharsisi ni mzee wa kanisa. Jumapili iliyotangulia alikuwa ametuhubiria, kwa jasho, kwamba tuache mambo ya kale tumfuate Bwana.

"Shuka kwanza, mwanangu," alisema.

"Baba, si wewe uliyehubiri juzi?"

"Ile ilikuwa Jumapili."

Wakakaa kikao, wanaume peke yao, wakatoka na jibu la busara sana. Wao watapanda, Divine atasimamia kutoka chini. Si anasomea usimamizi? Lakini likabaki tatizo dogo: mwanaume aliye juu ya paa hawezi kuamrishwa na binti aliye chini, anaweza kuanguka kwa aibu. Kwa hiyo Hatungimana akakaa katikati ya ngazi, kazi yake kupokea maneno na kuyapandisha.

"Baba mkubwa, waambie misumari ipigwe kwenye mgongo wa bati, pale palipoinuka, siyo bondeni!"

Hatungimana akafikiri. Maji ya mvua yanapita bondeni, sasa kwa nini uache bonde bila msumari? Akaona mtoto amechanganyikiwa na masomo, akamsaidia.

"Anasema pigeni bondeni!" akapandisha.

"Sijasema hivyo!"

"Tulia, mama. Nimekurekebishia."

Walipiga misumari bondeni kote. Walipokaribia kumaliza, mvua ikawashusha mbio, wakajibanza ndani. Hatungimana akaona baridi. Akawasha vijiti katikati ya sebule mpya na kuchoma mihogo. Rosa alilalamika kwamba anamchafulia nyumba kabla hajaingia, akajibiwa kwamba wanaume wamefanya kazi. Wakala mihogo huku matone yakiwadondokea shingoni, kila mmoja akisogea kidogo na kusema mvua ya mwaka huu ina upepo mbaya.

Siku chache baadaye Mwalimu Athuman alifika kwa bodaboda kutoka stendi ya Kibondo. Ni mtu safi, mstaarabu, anasalimia mpaka watoto. Akapima msingi, akatikisa kichwa kwa furaha. Akapima kuta, vilevile. Akaingia ndani, akatazama juu, akaona mwanga wa jua umeingia kwa vitundu vitundu, kama mbingu ya nyota, mchana kweupe.

"Nani amepiga misumari hii?"

"Sisi!" wakaitika wote kwa pamoja. Watu wanaopenda sifa hawasubiri kusikia swali limekwenda wapi.

"Na Divine?"

"Divine alikaa chini, mwalimu," akasema Hatungimana. "Tumemtunza vizuri kabisa."

Mwalimu akafunga karatasi zake. "Basi paa hana alama. Na bila paa, wazee wangu, hakuna cheti." Akamtazama Divine, akaona machozi yanamlenga. "Nalala Kibondo mjini. Kesho mchana nitapita hapa kabla ya kurudi Kasulu. Nikikuta umelitengeneza kwa mkono wako, nitalikagua upya. Zaidi ya hapo siwezi, binti yangu."

Alipoondoka, wanaume wakagundua kwamba viatu vyao vinapendeza kutazamwa. Divine alikaa juu ya tofali, nyundo mapajani. Hakulia. Ningemwona analia ningelia mimi.

Ndipo Rosa, aliyewapikia wote na hakuulizwa lolote katika kikao, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Shemeji, wewe ndiye unayejua mila. Hebu nifundishe. Nyumba inaitwa nyumba lini?"

Hatungimana hawezi kuacha swali la namna hiyo. Akakohoa. "Nyumba inakuwa nyumba siku mke wa mwenye nyumba anapowasha moto wa kwanza ndani. Kabla ya hapo ni matofali na miti tu. Na mtu mwingine akitangulia kuwasha, inakuwa nyumba vilevile, ila hilo ni kosa kubwa, analipa mbuzi."

"Vizuri. Mimi sijawasha. Kwa hiyo hii bado siyo nyumba, na mwiko haujaingia. Divine anaweza kupanda."

Wanaume wakaanza kuitikia. Wazo lilikuwa zuri mno. Kisha macho yote, pamoja na ya Tharsisi, yakaenda taratibu sebuleni, kwenye duara jeusi la majivu na maganda ya mihogo.

"Kaka," Tharsisi akasema kwa upole, "ule moto wako je?"

Hatungimana akatazama majivu. Akamtazama Divine. Akalitazama zizi lake kule ng'ambo, ambako mbuzi wake mzuri alikuwa anakula bila habari.

"Moto gani? Ule haukuwa moto. Ulikuwa moshi."

"Moshi uliivisha mihogo?" Rosa akauliza.

"Haikuiva vizuri."

Basi, jambo likaisha kwa haki. Asubuhi yake Divine alipanda. Aling'oa misumari yote, akaziba matundu kwa lami, akapiga upya kwenye migongo, kila msumari na mpira wake chini ya kichwa. Tharsisi alishika ngazi muda wote, macho amefumba, akiomba. Naamini alikuwa anaomba kwa Bwana. Rosa alimwaga ndoo kadhaa za maji juu ya bati, na ndani hakikudondoka kitu. Balaa halikumpata mtu, isipokuwa wanaume walioachwa bila la kufanya. Mwalimu akaja, akapanda mwenyewe, akashuka, akaandika alama. Miezi michache baadaye tukasimama tena nje ya kanisa kusikiliza lile jina refu, safari hii pamoja na cheti chake, na mimi nilisubiri mpaka mwisho.

Mvua kubwa zilipoanza, Hatungimana alikuja akasimama kwenye ua wa Tharsisi, blanketi lake limelowa begani.

"Mama," alimwita Divine kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "hivi lile paa langu, ungeliangalia..."

"Ningefurahi, baba mkubwa. Ila kwako moto unawaka tangu sijazaliwa. Nikipanda, si utapatwa na balaa?"

Akavuta blanketi lake, akarudi kwake. Kesho yake asubuhi nikiwa nafagia uwanja, nilimwona anatoka ndani kwake amekumbatia figa la jiko, jeusi, zito. Akaliweka migombani. Akarudi kuchukua la pili, kisha la tatu. Akamwaga maji kwenye majivu, akafagia mwenyewe, mzee wa watu, huku mkewe amesimama mlangoni na sufuria ya uji asijue aiweke wapi. Alipomaliza akanyoosha mgongo, akaita mpaka kwa Abdalah wakasikia:

"Divine! Njoo na ngazi! Huku hakuna nyumba!"